Diski Moja, Mama Wawili

Jumatatu, 6 Mei

Leo vita vimezuka tena sebuleni. Chanzo: mshale.

Mshale wa kompyuta, si mwingine. Mama yangu anautaka mkubwa, auone bila miwani. Mama Mkwe anautaka mdogo, maana mkubwa unamziba mpira. Mama hucheza karata humo. Mama Mkwe hutazama mechi za zamani na kumkosoa refa ambaye siku hizi nadhani ana wajukuu. Mmoja akiinuka tu, mwenzake anaingia na kupindua serikali. Asubuhi mshale ulikuwa mkubwa kama koleo, na nyuma yake maua ya waridi. Nilipotoka kuoga mshale umekuwa sisimizi, na nyuma yake amesimama golikipa. Nikanywa chai. Waridi. Nikavaa viatu. Golikipa.

Mama akasema, bila kumtaja mtu, kwamba nyumba hii ni ya mwanawe. Mama Mkwe akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba kompyuta ni ya bintiye. Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikajifanya nakohoa.

Ukweli ni kwamba kompyuta ni ya mke wangu. Ni fundi wa mabango. Miaka mingi alimchorea tajiri mmoja mabango ya maduka. Sasa amejitegemea, na kazi yake ya kwanza kubwa ni vibao vya milango ya wodi mpya ya watoto hospitalini. Kila mlango na mnyama wake. Twiga chumba cha kupima urefu, mamba chumba cha meno, kobe chumba cha kusubiri, kiboko chumba cha sindano. Michoro yote imo ndani ya kompyuta, na Ijumaa anaipeleka kwa muuguzi mkuu. Ikikubaliwa, ana jina lake mjini. Ikikataliwa, anarudi kwa tajiri kuomba kiti chake, na tajiri ameshasema kiti hicho anakiweka wazi, kwa kicheko. Basi mke wangu akanitazama machoni akasema: Baba Pacha, mpaka Ijumaa ipite, hiyo mashine usiiguse. (Pacha wetu wako bweni. Laiti kungekuwa na bweni la mama wazazi!)

Nikaapa. Akauliza kama ile nakala ya akiba aliyoniomba niliitengeneza. Nikamwambia zamani! Ndani ya kompyuta kuna C na kuna D. Michoro iko C, nakala nimeiweka D. Mtu mwenye akili haweki mayai yote kapu moja. Akapumua. Mimi pia nikapumua, kwa fahari.

Lakini kichwani mambo yamechemka. Mama wawili hawawezi kukaa chumba kimoja. Suluhisho? Mashine moja, mifumo endeshi miwili! Diski inapigwa ukuta katikati. Upande huu mfumo wa Mama, na mshale wake koleo. Upande ule mfumo wa Mama Mkwe, na sisimizi wake. Ukiwasha, mashine yenyewe inauliza kwa adabu unataka kuingia upande gani. Nimesoma habari hizi kwenye simu nikiwa kazini, kidogo nilie.

Jioni akapita Shemeji, mdogo wa mke wangu. Fundi simu. Hajawahi kusikia jambo akanyamaza. Akasema hakuna haja ya kugawa diski, mfungulie kila mama akaunti yake na nywila yake, chai haijapoa umeshamaliza. Akaunti! Nikamweleza kwamba akaunti ni pazia. Mimi nazungumzia ukuta. Akacheka mpaka akapaliwa.

Atajua hajui.

Jumanne, 7 Mei

Dukani sikuuza godoro hata moja. Nililala juu ya lile la maonyesho nikisoma kuhusu kugawa diski. Akaja mama mmoja anataka godoro la watu wawili. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria ukuta katikati. Akaondoka na mto.

Keshia wetu, Mungu ampe maisha marefu, ana flashi yenye mfumo mpya kabisa. Wa bure! Umetengenezwa na watu wa kujitolea, huko na huko duniani, watu wema wasiojuana. Akaniambia anautumia nyumbani na hajajuta. Tena, akasema, una lugha chungu nzima, hata Kiswahili kimo. Kiswahili! Nikaibusu flashi. Keshia akasema niirudishe ikiwa kavu.

Jioni, mke wangu akiwa ameenda kuchagua mbao za vibao, nikaitisha mkutano wa siri. Wajumbe: Mama na Mama Mkwe. Nikachukua mkate mzima nikasema hii ndiyo diski. Nikaukata katikati. Hii sehemu yako Mama, hii yako Mama Mkwe, kisu ndio ukuta. Nani ana swali?

Kosa. Vipande havikulingana.

Mama akapima kwa shubiri. Akatamka kwamba aliyenibeba tumboni ni yeye, na kwamba nilikuwa mzito. Mama Mkwe akasema yeye si mtu wa kugombania mkate, lakini hata bintiye hakuokotwa njiani. Nikapunguza kipande kimoja, kikazidi udogo. Nikapunguza cha pili. Nikaendelea kusawazisha mpaka diski ikabaki makombo.

Hata hivyo wazo wamelielewa. Mama akauliza kama upande wake utakuwa na madirisha. Nikamwambia mengi tu, atayafungua na kuyafunga apendavyo. Akaridhika. Mama Mkwe akauliza kama sauti inapenya ukutani, maana ule mlio wa ushindi wa karata unamkera roho. Nikasema ukuta huo hata mchwa hapenyi. Akatabasamu! Mama Mkwe kunitabasamia mimi! Mara ya mwisho ilikuwa siku ya harusi, na hata siku ile nadhani alikuwa anamtazama mpiga picha.

Kisha akauliza, na michoro ya binti yangu itakaa wapi? Nikamjibu, shikamoo mama, usiwe na hofu, itakaa palepale ilipo, kama malkia. Akaitikia marahaba, lakini tabasamu likarudi lilikotoka.

Makombo yaliliwa na Shemeji, aliyepita tena bila sababu.

Jumatano, 8 Mei, mchana

Nafasi! Mke wangu ameenda hospitalini kupima milango. Mama zetu wameenda kupima macho, wakinuniana tangu getini. Bosi nimemwambia tumbo linanikata, na mke wangu pia.

Najua niliapa. Lakini niliapa kutoigusa, na mimi siigusi michoro. Naijengea jirani. Mtu akijenga ukuta kando ya kitanda chako, je, amekigusa kitanda? Hajakigusa. Isitoshe, mke wangu mwenyewe, akiwa ameshafika mlangoni, aligeuka akasema: usiiguse hiyo mashine, ila ifute tu, imejaa vumbi mpaka aibu. Nikasema ndiyo mama.

Nikachomeka flashi. Nikawasha. Skrini ikawa ya zambarau, nzuri, ya kifalme. Ikaniuliza lugha. Nikachagua Kiswahili, nikasimama kidogo kwa heshima.

Lo, mfumo huu una malezi mema! Unauliza kila kitu. Ikaniuliza naishi upande gani wa dunia. Nikaijibu. Ikauliza mashine iitwe nani. Nikaandika AMANI. Ikauliza kama nataka kugawa diski mwenyewe kwa mkono, ikanionyesha jedwali lenye tarakimu ndefu kama namba za mita ya umeme. Nikarudi nyuma haraka, mtu hafundishwi kuogelea baharini. Nikakuta palepale njia fupi, maandishi manene: Futa diski na usakinishe.

Nikashangaa. Hata mashine imeliona vumbi!

Naandika hapa kwa faida ya vizazi: kudiliti nakujua. Simu yangu inadiliti kila siku. Ningeambiwa diliti ningekimbia mpaka barabarani. Lakini futa? Futa ni kitambaa. Unafuta meza, unafuta miwani, unafuta kamasi za mtoto. Mgeni anaingia kwako kwa mara ya kwanza, na kabla ya kuweka mzigo wake anaomba apanguse sehemu atakayokaa. Ustaarabu gani huo! Mke wangu kasema ifute, mashine yasema nifute. Nani mimi nipinge?

Ikaniuliza tena, una uhakika? Naandika hapa nilichosema kwa sauti, peke yangu sebuleni: futa, ndugu yangu, futa mpaka kwenye kona.

Ikafuta. Ilifanya kazi kwa bidii, mstari ukijaa polepole. Nami kwa upande wangu nikachukua kitambaa chenye maji kidogo nikapangusa skrini, kibodi na boksi lote. Tulifanya kazi pamoja, mimi nje, yeye ndani. Sijawahi kujisikia fundi namna hii.

Imemaliza! Inang'aa! Inaenda kasi ya ajabu! Ili kupima ukubwa wa vyumba nimeijaza filamu zote za keshia, zile zilizokuwa kwenye flashi ya pili aliyoniazima. Zimeingia zote, na nafasi bado tele. Sikujua diski yetu ilikuwa na nafasi kubwa hivi. Vumbi lilikuwa limekula sehemu kubwa.

Jumatano, jioni

Sioni C.

Jumatano, baadaye kidogo

Wala D.

Nimetafuta kila mahali. Nimefungua madirisha yote. Ukuta hakuna. Kuna ukumbi mmoja mkubwa mtupu, safi kama sahani iliyorambwa, wenye filamu za mapigano tu.

Mke wangu amerudi na vipimo vya milango, anaimba. Nikachomoa waya. Nikamwambia kompyuta imechoka, ipumzike mpaka kesho. Akanishika paji la uso kuona kama ni homa. Akanikorogea uji kwa ajili ya lile tumbo langu la uongo. Nikaunywa wote, na kila kijiko kilinishuka kama changarawe.

Mungu wangu, nimefanya nini?

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi na mapema nimejidhalilisha. Nimekwenda kibandani kwa Shemeji, nikamwita shemeji yangu mpendwa. Akaweka bisibisi chini. Alijua kuna msiba.

Nikamweleza kwa mafumbo: rafiki yangu mmoja ana mke fundi. Akanikatiza kuuliza kama huyo rafiki yangu alifuta diski nzima. Nikasema aliambiwa afute. Shemeji akafunga kibanda, siku ya kazi, wateja wamesimama, akaja nami mbio. Sijawahi kumpenda namna ile. Upendo ulidumu mpaka kwenye ngazi, alipoanza kucheka.

Mke wangu alikuwa ameenda kununua rangi. Shemeji akachomeka programu yake ya kufukua vitu vilivyozikwa. Akasema kama baada ya kufuta niliiacha mashine kama ilivyo, huenda mengi yapo chini. Akauliza, hukuongeza chochote juu yake? Nikajifanya nakohoa. Akafungua. Akaziona filamu. Akasema, shem, umezika, ukamwaga zege, ukajenga ghorofa.

Programu ikachimba na kuchimba. Mwishowe ikaibua kitu! Tulisogea wote. Picha moja. Ilikuwa picha yangu ya pasipoti, nusu ya chini tu: pua, mashavu na mdomo. Basi. Twiga hakuna, mamba hakuna. Mimi tu, kuanzia pua kushuka.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mke wangu na makopo ya rangi. Nyuma yake Mama na Mama Mkwe na miwani mipya, wanaona kila kitu.

Nikasema ukweli wote kwa pumzi moja. Mke wangu akakaa juu ya kopo la rangi. Hakupiga kelele. Nilimwomba apige. Akauliza kwa sauti ndogo, nakala? Nikasema nakala iko D. Akauliza, D iko wapi? Nikamtazama Shemeji. Shemeji, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakutaka kusema. Kisha akasema. Kumbe C na D si diski mbili! Ni diski ileile moja, imepigwa ukuta katikati. Ukuta! Ulikuwapo siku zote! Nimekuwa nikiutafuta ukuta, nami nimehifadhi mayai yote upande huu na upande ule wa kapu lilelile, kisha nikalikanyaga kapu.

Mke wangu akaanza kulia. Si kwa kelele. Alijifunika uso na ile karatasi ya vipimo vya milango. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliumia. Niliumia mpaka nikasahau kujitetea, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nilimwona amerudi kwa yule tajiri, amesimama mbele ya kile kiti. Nilitamani anifute mimi.

Kisha nikakumbuka kujitetea. Nikamwambia, lakini mke wangu, ulisema niifute.

Akatoa karatasi usoni. Akauliza, nilisema nini? Nikarudia: ulisema usiiguse, ila ifute. Na mashine nayo ikasema futa. Nikafuta. Mimi ni mtu wa kutii.

Mdomo ukaanza kumcheza. Akasema, kwa kitambaa, Baba Pacha, nilisema vumbi! Nikamwambia kwa kweli hata kitambaa nilipitisha. Basi akaangua kicheko, huku machozi bado yanashuka, akacheka akishika mbavu, kopo likayumba nusura limwangushe. Shemeji akacheka. Mimi nikacheka kidogo, kwa kupima hali ya hewa.

Mama zetu hawakucheka. Mama alianza kunisema na Mama Mkwe akamalizia. Kwamba tangu nikiwa mdogo nilikuwa nafungua redio, akasema Mama. Na kwamba tangu siku ya posa aliona vidole vyangu havitulii, akasema Mama Mkwe. Mmoja akikosa neno, mwenzake anamkopesha. Walinisema kwa zamu, wakashikana mikono wakinisema. Sijawahi kuona umoja kama ule. Sentensi moja wanagawana wawili, wala hakuna ukuta!

Mama Mkwe akahitimisha. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, leteni karatasi. Mke wangu akasema haiwezekani, wanyama wote wale, kesho tu. Mama Mkwe akamuuliza kwani twiga alianza kuchorwa na kompyuta? Mke wangu akaleta karatasi.

Mchana kucha meza ya chakula ilikuwa karakana. Mama alimchora twiga. Hakuwahi kuchora tangu darasa la pili. Shingo ikapanda, karatasi ikaisha, Mama hakusimama. Akaunganisha ya pili, ya tatu, shingo ikapita juu ya bakuli la matunda na kufika mbele ya Mama Mkwe, ambaye aliiwekea kichwa bila kuulizwa. Mama Mkwe mwenyewe alimchora kobe wa chumba cha kusubiri. Amekaa benchi, amevaa glavu za golikipa, uso wa mchezaji wa akiba anayejua zamu yake itafika. Hata Mama alisema huyo kobe ana subira kuliko watu fulani.

Mamba: Shemeji. Nilitakiwa kuachama nusu saa ili aone meno yanavyojipanga. Alipiga picha ambazo nina hakika hazikuwa za lazima.

Kiboko: hapo Mama Mkwe alichukua simu ya Shemeji yenye kile kipande changu cha pasipoti kilichofukuliwa, akaiinua juu, akamwonyesha mkwe mwenzake. Wakatazamana. Mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni, akasema ndiye huyo, mwongezee masikio tu. Nikapinga. Nikaamriwa nipige magoti, nishike sakafu, nipulize mashavu. Mke wangu akachora. Alikuwa anatabasamu akichora, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wachumba na anachora bango la kinyozi. Kwa hiyo nikapuliza zaidi.

Shemeji akazipiga picha zote kwa simu, mke wangu akazisafisha na kuzitia rangi kwenye kompyuta ya Shemeji, ile ya kibandani. Kompyuta ya nyumbani, yaani AMANI, hakuna aliyeniruhusu hata kuiangalia.

Ijumaa, 10 Mei

Nilipewa kazi ya kubeba bahasha na nikakatazwa kufungua mdomo.

Muuguzi mkuu ni mama mfupi, mkakamavu, miwani inaning'inia kifuani. Alimtandaza twiga mezani. Twiga akaendelea. Meza ikaisha, akamtandaza mpaka kwenye kitanda. Mke wangu alinishika mkono. Tazama, nikawaza, miaka yote ile, na kazi yenyewe imelala hapa kitandani na miguu minne isiyolingana!

Akaingia binti mdogo, mkono umefungwa bendeji, analia anaogopa sindano. Muuguzi mkuu akawa anazisogeza karatasi ampishe, na kiboko akabaki juu. Binti akamwona kiboko. Akanyamaza. Akaniona mimi. Akamwangalia tena kiboko. Akacheka kicheko cha tumboni, akamvuta muuguzi sketi kumwonyesha, yule, yule! Muuguzi mkuu akavaa miwani. Akamtazama kiboko, akanitazama mimi kuanzia pua kushuka. Akacheka mpaka akaomba maji.

Imekubaliwa! Yote! Akasema mafundi wengine walimletea wanyama wa kwenye makasha ya biskuti, hawa wake wanapumua. Shingo ya twiga itapandishwa ukutani watoto wajipimie. Na akauliza kama tunaweza kufikiria wodi ya wazazi pia.

Njiani mke wangu alitembea kama mtu aliyetua gunia. Akakiri kwamba ile michoro ya kwanza hata yeye ilikuwa inamtia shaka. Ilikuwa safi, imenyooka, na haina roho. Nikaona nafasi. Nikamwambia kumbe basi, ukitazama kwa undani, nimekusaidia. Akasimama. Akasema nikiigusa tena kompyuta yake ataigawa nyumba, na upande wangu utakuwa ule wenye jiko la mkaa. Kisha akanishika mkono tukaendelea. Sijui kama umewahi kutishiwa na mtu anayekupenda. Raha yake haielezeki.

Jumatatu, 20 Mei

Siku nyingi sijaandika. Nyumba ina furaha kupita kiasi.

Mke wangu ana kompyuta nyingine na diski mpya ya nje, diski anatembea nayo shingoni. AMANI imeachiwa mama zetu. Na mama zetu, baada ya mipango yangu yote ya ukuta, wanakaa pamoja kwenye kiti kirefu! Mfumo mpya una karata zake. Mama anacheza, Mama Mkwe anaamua kama refa na kumpa kadi ya njano akiiba. Mshale wa wastani. Hakuna anayetaka kuhama. Ukuta wangu haujawahi kujengwa wala hakuna anayeuulizia. Shukrani ya punda ni mateke.

Leo tulienda wodini kuona vibao vimepigiliwa. Nilikuta foleni ya watoto kwenye chumba cha sindano. Waliponiona walishangilia. Walinishangilia mimi! Mmoja aliniomba nipulize mashavu, nikapuliza, mama yake akanishukuru. Muuguzi akaniambia siku hizi watoto wanaingia chumba kile wakicheka na kutoka wakilia, zamani walilia kote kuwili. Nilisimama chini ya uso wangu ule mkubwa wenye masikio madogo, nikajiambia, hapa nimefika.

Nilikuwa natoka zangu nikasikia mabishano. Kwenye sebule ya kusubiri, chini ya kobe, kuna kompyuta ya kuonyeshea watoto katuni. Muuguzi wa asubuhi anataka katuni, wa jioni anataka nyimbo, kila mmoja anabadilisha ya mwenzake. Sikukusudia kusimama. Miguu ilisimama. Nikawaambia, dada zangu, mashine moja yaweza kubeba mifumo miwili, kila mtu na upande wake, na ukuta katikati.

Wakatazamana. Wakasema huyu si yule kiboko? Nikasema ndiye. Wakaniamini papo hapo. Nimealikwa Jumatano, saa mke wangu atakapokuwa anapima milango ya wazazi.

Safari hii hakitaharibika kitu, maana nimekaa nikachunguza kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa Kiswahili. Nilikijua mno, nikakiamini. Neno ulilolizoea ndilo linalokuuza. Jumatano nitachagua Kifini, lugha ambayo sijui hata salamu yake, na kila itakaponiuliza kitu nitakubali tu.